Maswali ya Wasomaji: Meza ya Kijapani, Nyumbani na Safarini

Barua nyingi za safari hii zinahusu chakula cha Japani. Kuna waliojaribu kupika mambo yakawagomea, na kuna wanaofunga mizigo kwenda huko. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimepika supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa) ikawa nzito, ina ute, chungu, na inanuka shombo. Kombu (mwani mkavu) niliichemsha nusu saa ili itoe ladha yote, nikatia vipande vya katsuobushi nikachemsha tena, kisha nikatia miso sufuria ikiwa inatokota. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye moto, na ni mara tatu. Dashi, yaani ule mchuzi mwepesi ambao karibu kila chakula cha Kijapani kimesimama juu yake, si mchuzi wa mifupa unaodai kutokota kutwa. Ichukulie kama chai: vitu vikavu vinaingia majini, vinatoa kilicho bora ndani yao, na vinaondolewa kabla havijaanza kutoa kilicho kibaya.

Kwa lita 1 ya maji pima gramu 10 za kombu na gramu 20 za katsuobushi (vipande vyembamba vya samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akakaushwa kwa moshi, kisha akaparuzwa). Kombu usiioshe, ifute tu kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ule unga mweupe ulioganda juu yake si ukungu, ni sehemu ya ladha. Iloweke kwenye maji baridi dakika 30, kisha bandika sufuria kwenye moto mdogo, maji yapande taratibu kwa dakika kumi hivi hadi nyuzijoto 60 au zaidi kidogo. Kama huna kipimajoto, tazama ukingo wa sufuria: vipovu vidogo vikianza kujipanga pale, toa kombu. Ukiiacha ichemke, mwani unaachia ute na harufu nzito ya bahari, na ndicho kilichokupata.

Sasa acha maji yachemke, zima moto, mwaga katsuobushi yote kwa mkupuo mmoja. Usikoroge. Subiri dakika moja hadi mbili vipande vizame vyenyewe, kisha chuja kwa kitambaa safi. Kishawishi cha kukamua kile kitambaa ni kikubwa. Kishinde, maana matone yale ya mwisho ndiyo yenye shombo na uchungu.

Dakika mbili zinatosha kwa sababu ladha haitoki kwa kiungo kimoja. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae aligundua kuwa utamu wa kombu unatokana na glutamati, akauita *umami*. Mwaka 1913 Kodama Shintaro akabaini kuwa katsuobushi ina inosinati. Viwili hivi vikikutana kwenye kikombe kimoja, ladha inapanda kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Kwa hiyo huhitaji kulazimisha kitu kwa moto. Mabaki usiyatupe: yarudishe sufuriani na nusu lita ya maji, yachemke polepole dakika 10, upate dashi ya pili inayofaa kwa mboga za kuchemsha na hata kwa supu hiyohiyo ya miso.

Miso yenyewe inaingia mwisho kabisa. Kwa watu wanne, chukua mililita 800 za dashi na takriban vijiko vikubwa 4 vya miso, lakini onja kwanza. Miso nyeupe ya Kyoto ni tamu na inataka zaidi. Hatcho miso ya Okazaki, mkoani Aichi, inayotengenezwa kwa soya bila nafaka, ni nzito na nyeusi, anza na nusu ya kiasi hicho. Pika tofu (jibini la soya) na mboga kwanza, zima moto, weka miso ndani ya upawa au chujio dogo, izamishe nusu na uiyeyushe hapo kwa vijiti ili isiache mabonge. Ikishayeyuka, usirudishe sufuria itokote. Harufu yake inaondoka na mvuke. Na wakame mkavu: kijiko kimoja cha chai kinatosha watu wawili. Huvimba mara nyingi ya ukubwa wake, na anayemwaga konzi nzima hula mwani siku hiyo.

SWALI: Wali wangu wa sushi haukubali. Mara unakuwa uji, mara unaachana nikikata. Nipeni vipimo, tafadhali, si "kiasi cha kutosha".

JIBU: Kwanza hakikisha mchele ni wa Kijapani wa punje fupi. Mchele wa punje ndefu kama basmati una wanga wa aina nyingine, na hata uufanyie nini hautashikamana bila kugeuka bokoboko.

Gramu 300 za mchele (huko Japani ni gō mbili; gō moja ni mililita 180) zinatosha roli nyembamba nane hivi. Maji ya kwanza ya kuoshea mwaga upesi, kwa sababu punje kavu hunywa haraka na zitakunywa pia harufu ya pumba. Osha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, mpaka maji yabaki na ukungu kidogo tu. Chuja vizuri, tia mililita 360 za maji, acha mchele ulale humo dakika 30. Kwa wali wa kawaida maji yangekuwa 400 au zaidi kidogo, lakini huu utapewa siki baadaye, kwa hiyo unapunguziwa mapema. Hapa ndipo wengi wanapopata uji.

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Moto wa wastani hadi uchemke, kisha moto wa chini kabisa dakika 12, kisha zima na uuache dakika 10 hadi 15. Katika muda wote huo usifunue. Kila unapochungulia, mvuke unaoivisha punje za juu unatoka, na zitabaki na kiini kigumu.

Siki iandae wakati wali unapumzika: mililita 50 za siki ya mchele, gramu 20 za sukari, gramu 6 za chumvi. Pasha moto kidogo ili viyeyuke, usichemshe. Kama chupa imeandikwa kuwa ni siki ya sushi, tayari ina sukari na chumvi, usiongeze. Geuzia wali kwenye chombo kipana ungali unatoa mvuke, mwagia siki, kisha pitisha mwiko kwa ubapa ukikata wali kimshazari na kuupindua. Usikoroge kwa mzunguko kama ugali, unaponda punje. Wali uliopoa haunywi siki. Siki inabaki nje na ndipo roli inapoachana. Siki ikishaingia ndipo upepee, ukaushe unyevu wa juu na wali ung'ae. Ufunike kwa kitambaa kibichi na uutumie ukiwa vuguvugu. Kwenye friji usiupeleke, wanga unakakamaa ndani ya saa chache.

Kwa roli nyembamba, nori (karatasi ya mwani) nzima ina sentimita 21 kwa 19 hivi. Ikate nusu, upande wenye kukwaruza utazame juu, tandaza gramu 80 za wali na uache sentimita 1 tupu upande wa mbali. Mikono ilowe kidogo maji yenye tone la siki, isichuruzike. Futa kisu kwa kitambaa chenye maji baada ya kila mkato.

SWALI: Naweza kununua samaki mbichi sokoni asubuhi na kumla kama sashimi jioni? Muuzaji anasema amevuliwa leo.

JIBU: Hapana. Upya wa samaki hauui minyoo. Anisakis, mnyoo wa samaki wa baharini anayeleta maumivu makali ya tumbo, anaweza kuwa hai kabisa ndani ya samaki wa leo. Wizara ya afya ya Japani inashauri kugandisha kwa nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, au kupika. Mamlaka ya chakula ya Marekani inataka siku 7 kwa baridi hiyohiyo. Friza nyingi za nyumbani hukaa kwenye 18 chini ya sifuri na hugandisha polepole. Siki, chumvi na wasabi haziui mnyoo huyu: vibua waliolazwa kwenye siki ni miongoni mwa wanaowaumiza Wajapani wenyewe. Nunua samaki aliyegandishwa na kuuzwa mahsusi kwa kuliwa mbichi, myeyushie kwenye friji, umle siku hiyo.

Samaki wa mtoni na ziwani wasiliwe wabichi kabisa. Na jodari au vibua waliokaa kwenye joto hujenga histamini, ambayo hata kupika hakuiondoi.

Sushi kwa bahati nzuri haidai samaki mbichi. Roli ya tango, ya yai la kukunja (*tamagoyaki*) au ya jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi zote ni za Kijapani kweli, na kwa mwanzo tunazipendekeza.

SWALI: Sisi ni Waislamu na tunapanga kwenda Japani. Karibu kila pishi naona lina sake (pombe ya mchele) au mirin (pombe tamu ya kupikia). Nyumbani tuweke nini badala yake, na huko tuangalie nini?

JIBU: Mirin halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi, na kuchemsha hakukiondoi chote. Kazi yake ni mbili: utamu na mng'ao. Kwa sosi ya teriyaki ya vipande vinne vya kuku, changanya vijiko vikubwa 3 vya sosi ya soya, 2 vya sukari na 3 vya maji, na nusu kijiko cha chai cha wanga wa viazi ulioyeyushwa kwa maji kwa ajili ya mng'ao. Mimina baada ya kuku kuiva, si kabla. Sukari huungua upesi na sosi inakuwa chungu. Kazi ya sake ni kuondoa shombo. Badala yake mnyunyizie samaki chumvi, mwache dakika 20, futa maji yaliyotoka, kisha mpike na vipande vya tangawizi. Yale maji unayoyafuta ndiyo yenye shombo.

Soma pia chupa ya sosi ya soya. Nyingi huongezewa kilevi kidogo ili zisiharibike, na kwenye lebo kinaandikwa アルコール au 酒精. Alama nyingine za kuwa nazo kwenye simu: 豚 (nguruwe), ラード (mafuta yake), ゼラチン (jelatini), 酒 (sake), みりん (mirin).

Mkiwa huko, mtego mkubwa ni usioonekana. Rameni (tambi za supu) ya tonkotsu kila mtu anajua ni mifupa ya nguruwe, lakini hata rameni ya soya au ya chumvi mara nyingi ina supu hiyohiyo chini. Gyoza (vitu kama sambusa ndogo) nyingi zina nguruwe, okonomiyaki (chapati nene ya kabichi) huwekewa vipande vyake juu, na kari ya Kijapani huanza na kibonge ambacho aghalabu kina mafuta ya wanyama. Mchuzi wa udon (tambi nene za ngano) na soba (tambi za buckwheat) kwa kawaida una mirin. Semeni: *Butaniku to osake wa taberaremasen. Mirin mo dame desu.* (Hatuli nguruwe wala kilevi, hata mirin.) Mjini Tokyo, mtaa wa Asakusa una mikahawa kadhaa ya halali, na msikiti wa Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, una duka la vyakula vya halali. Siku za kuzunguka mikoani bebeni akiba. Miji midogo haina uchaguzi mwingi.

SWALI: Mimi sili nyama wala samaki. Nimeambiwa Japani ni nchi ya Mabudha, basi nitakula bila shida. Ni kweli?

JIBU: Usitegemee hilo. Mboga za kuchemsha, tofu, supu ya miso, hata yai la kukunja, vyote kwa kawaida vina dashi ya samaki, na mhudumu anaweza kukujibu kwa moyo mweupe kuwa "hakuna samaki" kwa sababu haoni kipande.

Mahali pa kwenda ni kwenye *shojin ryori*, mapishi ya mahekalu ya Kibudha. Hayana nyama wala samaki, na hata vitunguu na kitunguu saumu vinaachwa. Mlima Koya, mkoani Wakayama, ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816, una mahekalu zaidi ya hamsini yanayolaza wageni. Chakula cha jioni huletwa mapema, mara nyingi kati ya saa 11 na nusu na saa 12 jioni; anayefika saa 2 usiku anaweza kulala njaa. Utakuta *goma-dofu*, ambayo si ya soya bali ni ufuta uliosagwa ukashikamanishwa kwa wanga wa kudzu, na *koya-dofu*, tofu iliyogandishwa ikakaushwa, inayonyonya mchuzi hadi ndani.

Nyumbani dashi yako ni hii: gramu 10 za kombu na uyoga mkavu wa shiitake vipande 4 ndani ya lita 1 ya maji baridi, usiku kucha kwenye friji. Uyoga ukiloweshwa kwa maji ya moto ili kuwahi, unatoa uchungu.

SWALI: Tempura yangu (mboga na kamba waliochovywa kwenye rojo na kukaangwa) inatoka ikiwa nzuri, na baada ya dakika tano imelegea na kujaa mafuta. Rojo nalikoroga vizuri kabisa lisiwe na mabonge.

JIBU: Hilo la mwisho ndilo tatizo. Kukoroga kunaamsha gluteni, rojo linakuwa kama la maandazi na linashika maji. Vunja yai 1 kwenye kikombe cha kupimia, ongeza maji ya barafu hadi mililita 200, piga kidogo. Mwagia gramu 110 za unga laini wa keki uliochekechwa, pitisha vijiti mara kumi au kumi na mbili, basi. Mabonge na unga mkavu pembeni ndivyo inavyotakiwa. Litengeneze mafuta yakiwa tayari, si nusu saa kabla.

Kila kipande kikaushe, kipake unga mkavu kiduchu, kisha kichovye. Mboga zinataka mafuta ya nyuzijoto 160 hadi 170, kamba 180. Dondosha tone la rojo: likizama hadi chini na kuchelewa kupanda, mafuta ni baridi, likizama hadi katikati kisha likarudi juu, ndiyo hapo, likitawanyika juujuu bila kuzama, yamezidi. Usijaze zaidi ya nusu ya uso wa mafuta, maana kila kipande kinashusha joto, na mafuta yaliyopoa ndiyo yanayoingia ndani. Kiazi kitamu cha milimita 7 kinachukua dakika 3 hadi 4, kamba chini ya dakika 2. Kamba mkate ncha ya mkia na ukamue maji yaliyomo kwa kisu, la sivyo mafuta yatakurukia usoni. Ukimkata mikato midogo minne tumboni na kumnyoosha, hatajikunja.

Ikitoka, isimamishe kwenye wavu. Ukiirundika kwenye sahani, mvuke wa ya chini unailowesha ya juu. Sosi yake ni dashi nne, mirin moja, sosi ya soya moja, pamoja na figili nyeupe iliyokunwa. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai, maji kamwe.

SWALI: Nina mwezi mmoja na chombo cha nukazuke (achari ya pumba za mchele). Sasa kinanuka kama rangi ya kupaka mlango. Nitupe?

JIBU: Usitupe. Harufu hiyo ni ya hamira za asili zilizowazidi nguvu bakteria wa asidi. Hutokea chombo kikikaa kwenye joto au chumvi ikipungua. Pindua pumba zote kutoka chini hadi juu, ongeza konzi mbili za pumba mpya na kijiko kikubwa cha chumvi, hamishia mahali penye nyuzijoto 20 hadi 25, na usitie mboga kwa siku mbili tatu.

Zipo harufu nyingine, na kila moja ina dawa yake. Harufu ya soksi chafu inatoka chini ambako hewa haifiki: pindua kila siku, na kwenye joto mara mbili. Ukali wa kupita kiasi unatokana na asidi iliyozidi: ongeza pumba na chumvi, weka friji siku mbili. Utando mweupe juu ni hamira isiyodhuru, uzamishe ndani. Ukungu wa rangi, mweusi au wa kijani, uchote na sehemu inayouzunguka. Ukiwa umeshuka ndani, hapo ndipo pa kutupa.

Kwa atakayeanza upya: kilo 1 ya pumba mbichi, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, gramu 130 za chumvi, kipande cha kombu, pilipili kavu mbili. Ukiikamata mkononi ishikamane bila kuchuruzika. Wiki mbili za mwanzo tia majani ya nje ya kabichi, uyatoe na kuyatupa kila baada ya siku moja au mbili. Yanalisha bakteria tu. Kisha matango yaliyosuguliwa chumvi, saa 6 hadi 12. Ukisafiri, tandaza chumvi juu na uweke friji.

SWALI: Nitakuwa Tokyo, Kyoto, Osaka na Fukuoka. Naogopa kuingia mahali nisijue pa kuanzia. Mnisaidie mambo ya vitendo.

JIBU: Anza na saa. Mikahawa mingi midogo hutoa chakula cha mchana kuanzia saa 5 na nusu asubuhi hadi saa 8 mchana, inafunga, inafungua tena saa 11 jioni. Agizo la mwisho mara nyingi ni nusu saa kabla ya kufunga. Bahashishi haitolewi, ukiiacha mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau.

Kwenye maduka mengi ya rameni na udon kuna mashine ya tiketi mlangoni. Ingiza pesa kwanza, vitufe vinawaka, bonyeza chakula, chukua tiketi na chenji (kuna mashine zinazotaka ugeuze kishikio ndipo itoke), kaa, weka tiketi juu ya kaunta. Kitufe cha juu kushoto kwa kawaida ndicho chakula kinachowakilisha duka, ukibabaika bonyeza hicho. Beba noti za yeni 1,000: mashine nyingi za zamani zinakataa noti ya 10,000, na baadhi hazijarekebishwa kupokea noti mpya zilizotoka Julai 2024.

Tokyo: mnada wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018, lakini maduka ya nje ya Tsukiji yamebaki palepale. Fika asubuhi, kwa sababu mengi yanafunga mapema mchana, na Jumapili mengi hayafungui. Kyoto: katika soko la Nishiki kula ukiwa umesimama mbele ya duka uliponunua, usitembee na mshikaki wa nyama mkononi. Osaka ni takoyaki (vitumbua vya pweza) na okonomiyaki. Takoyaki ipasue kwanza kwa kijiti, ndani ni rojo la moto linalobabua ulimi. Fukuoka ni rameni ya Hakata, yenye tambi nyembamba zinazolegea upesi, ndiyo sababu bakuli huja na tambi chache. Zikiisha, bakiza supu uagize *kaedama*, tambi za nyongeza.

Kwenye izakaya (baa inayouza pia chakula), kibakuli kidogo usichoagiza kitaletwa na kuingizwa kwenye bili, mara nyingi yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu. Hujaibiwa, ni *otoshi*, malipo ya kukalia kiti. Na mkahawa ukiuliza kama unakula hapohapo au unabeba, jua kodi ni asilimia 10 kwa kula hapo, 8 kwa kubeba.

Mwenye mzio wa soba asile hata udon mahali panapouza vyote viwili. Mara nyingi zinachemshwa kwenye sufuria moja.

SWALI: Adabu za vijiti ni nyingi mno. Zipi ndizo hasa za kushika?

JIBU: Mbili, zote zinahusu msiba. Usisimamishe vijiti wima ndani ya wali, ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, ndivyo mifupa inavyopokezanwa baada ya maiti kuchomwa. Kiweke kwenye kisahani chake. Nyingine zote mgeni anasamehewa. Kunyanyua bakuli la wali na la supu hadi kifuani ni heshima, si ulafi, na tambi zivute kwa sauti upendavyo.

SWALI: Sosi ya soya "nyepesi" (usukuchi) ina chumvi kidogo?

JIBU: Ina chumvi zaidi: asilimia 18 hadi 19, dhidi ya 16 hivi ya ile ya kawaida. Wepesi ni wa rangi tu, ili mboga na mchuzi visigeuke kahawia, jambo linalopendwa Kyoto na Osaka. Anayekwepa ngano atafute tamari (sosi ya soya ambayo kwa kawaida haina ngano), lakini asome lebo, kwani baadhi zina ngano kidogo.

SWALI: Onigiri (mabonge ya wali ya kufungwa kwa nori) za madukani zinanishinda kufungua. Nori inachanika kila mara.

JIBU: Fuata namba zilizoandikwa kwenye plastiki. Namba 1 ni utepe juu kwenye ncha: ushike, uvute chini katikati, uzungushe nyuma hadi utoke kabisa na plastiki igawanyike pande mbili. Kisha shika pembe ya namba 2, uivute kwenda pembeni polepole, halafu namba 3 upande wa pili. Nori ilikuwa imetenganishwa na wali kwa tabaka la plastiki ili isilowe. Tabaka hilo linateleza nje na nori inaangukia wali ikiwa kavu. Inayochanika ni ile iliyovutwa kwa pupa, au ambayo utepe wa namba 1 uliishia njiani.